Usilifue Gauni Langu

4 Februari

Kaka yangu Kimya,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Chiriku, mzima wa afya isipokuwa mikono iliyochubuka kwa dawa ya madoa. Natumaini wewe na viti vyako hamjambo. Mama nilimwona Jumapili. Magoti bado yanamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Alinisema kuanzia mlangoni hadi jikoni eti nimekonda. Dada amepaka jiko rangi ya kijani. Ukimwandikia, mwambie limependeza, maana mimi nilishindwa kusema uongo usoni pake.

Ningepiga simu, lakini kukupigia wewe simu ni kulipia kusikiliza pumzi za mtu. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni mbwa. Usicheke kwanza. Mwaka jana, mvua zilipokolea, tulimkuta pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma ya mashine kubwa ya kukaushia shuka, kwenye nafasi ambayo hata ufagio hauingii, amejikunja kwenye joto. Jike, wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Mafundi wa mitambo walitaka kumtoa kwa mti. Nikawaambia atakayemgusa atajifulia mwenyewe makoti yake. Nilikaa naye majuma na majuma, kumtazama, kumbembeleza, kumwimbia, mpaka akakubali kula mkononi mwangu. Nilipomleta chumbani kwangu akaingia chini ya kitanda, na huko ndiko alikohamia, nami nikamwita Mvunguni. Hatujui nani alimtesa. Tunajua tu kwamba ukishika ufagio anajikojolea, na mwanamume akikohoa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anayemtoa huko chini ni mimi peke yangu. Sijisifu, nasema kama lilivyo.

Sasa mwenye nyumba ameuza nyumba, nami nahamia bweni la wafanyakazi, ambako hata paka haruhusiwi. Mvunguni lazima apate makao, na makao hayapatikani. Mfamasia alimtaka, lakini ana kicheko cha kupasua glasi. Dereva wa gari la wagonjwa alimtaka amlindie banda la kuku. Huyo hata sikumjibu. Kisha wakaja mwalimu mmoja mstaafu na mkewe. Wana ua mpana wenye kivuli, hawana watoto wadogo, hawana haraka ya kitu chochote duniani. Mke akaketi sakafuni, akanyoosha mkono, na Mvunguni akatoka akala. Siku ya kwanza, Kimya! Nikautazama ule mkono, nikaona una pete nyingi, na mtu wa pete nyingi hawezi kuwa na subira. Nikawaambia nimeshapata mtu mwingine. Mwenzangu wa pasi akaniambia, "Wewe mwenzetu hutafuti makao, unatafuta sababu." Nimemnunia tangu siku hiyo.

Nitafutie huko kwenu mtu mpole asiye na papara. Wewe sikuombi. Najua duka lako limejaa, na mbwa hujawahi kuwa na habari nao.

Mdogo wako,
Chiriku


19 Februari

Chiriku,

Salamu zako zimefika. Mimi sijambo. Dada nimemwandikia kuwa jiko limependeza, ingawa sijaliona.

Kazi ipo. Hoteli moja imeniletea viti vyake vyote vya barazani, makalio yameoza kwa mvua. Nasuka upya vyote. Viti vimejaa mpaka mlangoni.

Mtu mwenye subira simjui. Mlete hapa kwanza, wakati naendelea kutafuta. Chini ya viti kuna nafasi. Sikohoi sana.

Kaka yako


22 Machi

Kaka Kimya,

Hujambo? Mimi nimefika salama, mgongo umeniuma kwa kukaa kwenye lori la shuka, lakini dereva alikuwa mtu wa heshima na hakuuliza maswali. Mama anakusalimu, anauliza kama ni kweli nimekupelekea mbwa au nimekupelekea mchumba nikasema mbwa. Bwenini nimepewa kitanda cha juu. Anayelala chini yangu anazungumza usingizini, tena mambo ya maana kuliko anayosema mchana.

Nina jambo nalo nitalisema. Tulipoingia dukani kwako ulikuwa umekaa chini kama kawaida yako, miguu umeinyoosha, henzirani zako za kusukia zimelowa kwenye beseni, na hukuinua hata uso kumwangalia Mvunguni. Nimekuletea kiumbe ninachokipenda kuliko kitu chochote, nawe ukasema "karibuni" kama unayekiambia kiti. Mimi nilipomkuta nilimtazama saa zote. Mnyama aliyeumia anahitaji kuona kwamba anaonwa.

Nilipoondoka alilia. Nilimsikia mpaka kona ya barabara. Nami nililia, sitakuficha, ila na hili sitakuficha: sauti ile ilinipa moyo.

Sasa nisikilize. Lile gauni langu la kazi la buluu nililomtandikia, usilifue. Mimi dobi ndiye nasema. Usilifue, usilianike, usilikung'ute hata vumbi. Nililivaa kwa makusudi bila kulifua mpaka msimamizi akaniita pembeni, ili libaki na harufu yangu. Akilala juu yake atajua bado nipo. Na lori linapita huko kila mwezi kuchukua shuka za zahanati, kwa hiyo kila mwezi nitamtuma dereva na nguo nyingine niliyoivaa. Hivyo hatanisahau wakati tunamtafutia makao ya kweli.

Mwambie namsalimu. Mwambie kwa sauti, usimwambie moyoni.

Chiriku


14 Aprili

Chiriku,

Hatujambo. Mwambie Mama ni mbwa.

Mvunguni yuko chini ya viti vya hoteli, kule nyuma kabisa. Anakula nikitoka nje. Bakuli la maji ulilomnunulia hajaligusa. Anakunywa maji ya beseni la henzirani, kwa hiyo nayabadilisha mara kwa mara.

Jirani yangu mmoja, mkunga mstaafu, aliniletea mwezi uliopita kiti chake kilichotoboka. Huja kukaa akikisubiri. Hasemi sana.

Gauni sijalifua. Makao bado natafuta.

Kaka yako


2 Mei

Kaka yangu,

Salamu. Huku kwetu wazima, mashine mbili mbovu, tunakamua shuka kwa mkono, mabega yangu sasa ni ya mbeba mizigo. Dada amechoka na kijani, anataka njano. Mama amepata dawa mpya ya magoti na anasema kazi yake ni kumfanya asikie usingizi tu.

Mkunga gani? Umeandika habari yake kwa mistari mitatu, na wewe mistari mitatu ni hotuba. Kiti kimoja kinasubiriwa mwezi mzima? Nimekuona ukisuka kalio la kiti kabla chai haijapoa. Anakaa wapi akisubiri? Kwenye kiti au sakafuni? Ana pete? Kama anakuja kwa ajili yako, Mama atafurahi na mimi nitanunua kitambaa. Lakini kama anakuja kwa ajili ya Mvunguni, mwambie pole pole kwamba huyo mbwa ana mwenyewe.

Halafu hili la kula. Nimefurahi kwamba anakula. Ila nilidhani angegoma kidogo. Kwangu aligoma mpaka mbavu zikahesabika. Nami nilishinda na njaa pamoja naye, chakula hakinipiti, kumbe kwako unatoka nje tu, ukirudi bakuli jeupe. Unampa nini? Usije ukawa unampa nyama kila siku umharibu, ukimharibu watu watamkataa.

Nimetuma kitambaa changu cha kichwa. Nimekivaa kwenye joto la pasi siku zote hizi, kimejaa mimi. Mtandikie karibu na pua. Na uniambie: akilala anageukia wapi? Mlangoni?

Chiriku


27 Mei

Chiriku,

Hatujambo. Viti vya hoteli vimeanza kuondoka, nafasi imeongezeka.

Mkunga hukaa sakafuni. Ana pete moja, haitoki tena kidoleni.

Kabla kitambaa chako hakijafika, Mvunguni alikuwa ametoka. Nilikuwa nasuka, nikasikia kitu juu ya mguu. Ameweka kidevu. Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi. Mkunga alikuwapo, naye hakusogea. Baada ya hapo Mvunguni alikuwa akitoka kila siku, nikianza tu kusuka.

Kisha dereva akaleta kifurushi. Mvunguni alikinusa, akaenda mlangoni, akakaa akitazama barabara mpaka nilipofunga duka. Sasa amerudi chini ya viti. Hali chakula. Labda ni mvua.

Ulipouliza anageukia wapi: alikuwa anageukia kwangu. Sasa anageukia mlangoni.

Kaka yako


11 Juni

Kaka Kimya,

Salamu, na samahani kwa mwandiko, naandika juu ya rundo la foronya. Wote wazima, mengine nitasema siku nyingine.

Ananikumbuka! Niliisoma barua yako nimesimama katikati ya chumba cha kufulia, mvuke mpaka machoni, nikacheka peke yangu. Amekwenda mlangoni! Amenitafuta! Mwenzangu wa pasi (tumepatana) akauliza nacheka nini. Nikamsomea. Hakucheka. Akasema, "Na hali chakula?" Basi nikaona aibu, lakini kidogo tu, na aibu yenyewe haikufika jioni.

Kwa sababu niliisoma tena, nikaona pale penye kidevu.

Kidevu, Kimya. Mimi hakuniwekea kidevu. Mimi alikula mkononi mwangu, alinifuata mpaka mlango wa choo, alilala chini ya kitanda changu akisikiliza nikigeuka, lakini kidevu chake juu ya mguu wangu sijawahi kukipata. Amekupa wewe, mtu ambaye hata kumsalimu hukumsalimu. Nilimwimbia. Nilipiga magoti mpaka yakawa kama ya Mama. Wewe umekaa tu! Umefanya nini cha ziada? Umekaa! Sioni kwa nini nijifiche kwa ndugu yangu wa damu. Nina wivu. Nina wivu na mguu wako.

Mvua haina kosa. Ni mapenzi hayo, na mapenzi kama kikohozi, hayafichiki. Nimetuma sweta langu na foronya niliyolalia. Viweke vyote viwili. Na huyo mkunga apunguze kuja mpaka Mvunguni atulie. Sura zikiwa nyingi zinamchanganya.

Makao usihangaike nayo sana. Nimesikia mwakani huenda tukapewa nyumba.

Chiriku


20 Julai

Kaka,

Hujambo? Au mkono umevunjika?

Nimesubiri mwezi wote wa sita ukaisha, huu nao unaondoka. Dereva namuuliza, anasema kifurushi alikuachia wewe mwenyewe mkononi, na kwamba duka lilikuwa wazi na kila kitu shwari. Lakini ananijibu huku anakagua matairi, na matairi yake ni mapya. Mama ndiye kanimaliza. Mama anasema umemwandikia! Umemwandikia habari za magoti! Magoti ya Mama una maneno nayo, mimi na mbwa wangu hatuna haki hata ya mstari?

Najua mnavyosema nyumbani. "Kimya ana subira, Chiriku ana mdomo." Tangu tukiwa wadogo. Yule paka wetu mweusi, nani alikuwa anamnyima shangazi maziwa ili ampe paka? Mimi. Nani alimtoa miba? Mimi. Na usiku alikwenda kulala wapi? Miguuni pako, nawe hata hukujua kama yupo, asubuhi unashangaa nywele kwenye blanketi. Mimi nahangaika, wewe unapewa. Sasa mbwa naye. Ulimwengu huu unampenda mtu asiyeomba.

Kama umempa yule mkunga bila kuniambia, niambie leo nijue. Kama amekufa, niambie pia. Lakini usininyamazie. Na jina lako mimi ndiye niliyekupa, kwa utani. Sikukuambia ulifanye kazi.

Chiriku


5 Agosti

Chiriku,

Salamu. Hajafa. Sijampa mtu. Nimeandika barua hii mara nyingi, zote nimewashia jiko.

Sweta na foronya vilipofika, lori lilikuwa bado linageuza mbele ya duka. Mvunguni alitoka chini, akanusa, akachukua sweta kwa meno, akapita katikati ya miguu yangu akalifuata lori. Lile lori lina harufu ya chumba chenu cha kufulia, nadhani. Alijua linakwenda wapi. Nilikimbia. Tangu utoto sijakimbia vile. Dereva hakumwona, wala kisa chenyewe hakukijua mpaka safari iliyofuata, nami ndiye niliyemwomba asikuambie. Usimlaumu.

Tulimtafuta siku mbili. Wa kumpata alikuwa mkunga. Mvunguni alikuwa ameingia kwenye kalvati chini ya barabara kuu, mguu wa mbele umechanika, sweta bado liko mdomoni. Watu wamejaa pale, kila mmoja na ushauri, vijana wawili wameshika miti wamchokoe. Mkunga aliwafukuza wote, na mimi pia akanifukuza kwa sababu nilikuwa nahema. Akajilaza chini pale kwenye tope, yule mama mtu mzima, na nguo zake safi. Nikamwambia utaumwa. Akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akacheka mwenyewe. Kisha akalala pale akiongea mambo ya bei ya mkaa, na shemeji yake, na mchicha wake ulioliwa na wadudu. Hakuwa anamwambia mbwa. Alikuwa anasema tu. Jua likapinda. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kungoja kitoke chenyewe, na kikatoka.

Mguu unapona.

Sasa nitasema ambalo sikutaka kusema. Kila kifurushi chako kikifika, anaanza upya. Ni kama unapiga hodi, anakimbilia kufungua, na nje hakuna mtu. Halafu mwezi unaofuata unapiga tena. Wewe unaita hiyo ni kukumbukwa. Mimi ndiye ninayemwona akiwa amekaa mlangoni.

Lakini sina haki ya kukuhukumu, nawe utaona kwa nini. Uliniomba nitafute mtu mpole asiye na papara. Ni mkunga: anakaa chini, ana ua na nyumba tulivu. Amekuwa akija hapa tangu Machi. Kiti chake nilikimaliza Machi hiyo hiyo, nikakitundika ukutani, nikamwambia henzirani imekwisha. Ameniuliza mara mbili kama anaweza kumchukua Mvunguni kabisa. Mara zote mbili nilimwambia mwenyewe hajaamua. Nilikusingizia wewe. Mbwa akiwa hapa anakuja kuweka kidevu, na mimi tangu nimezaliwa sijawahi kufuatwa na kitu kwa hiari yake nikakijua. Yule paka sikumjua. Huyu nimemjua. Sikutaka kumtoa. Yule mama akimnyooshea mkono, mimi hupoteza hesabu ya kamba.

Kwa hiyo tupo wawili, na dukani kwangu si mahali pake. Wateja wanaingia, wanakohoa, wanaburuta viti. Kila mlango ukifunguka anaruka.

Nimempa dereva nguo zako zote: sweta, foronya, kitambaa, na gauni la buluu. Sikuzifua. Ulinikataza, na kufua ni kazi yako. Amua wewe. Wewe ndiye uliyemtoa nyuma ya mashine.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka yangu Kimya,

Salamu za heshima. Mama hajambo, dada hajambo, jiko sasa ni njano na ni baya zaidi.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi kwenye mfuko wa aproni. Mwanzoni nilikasirika. Nilisema, ona huyu, miaka yote hana neno, leo kayapata na yote kanipiga nayo mimi. Niliandika majibu, majibu makali, mazuri kabisa, ungeyasoma ungesema dobi huyu angekuwa wakili. Nimeyachana. Nikisema ulinikosea nitakuwa nimesema uongo, na uongo wa jiko unatosha.

Nilifungua kifurushi bwenini, juu ya kile kitanda changu, mwenzangu wa chini amelala anatoa hotuba. Nikachukua gauni la buluu nikajifunika nalo uso. Nilitaka nijikute humo, nione alichokuwa analalia ni nini. Sikuwemo. Kitambo sana sikuwemo. Lilinukia mbwa, na maji ya henzirani, na vumbi la duka lako, na kwenye mfuko kulikuwa na nywele zake za rangi ya mchanga. Nikajiambia basi, hili sasa ni langu, sitalifua, nitalala nalo. Nikalala nalo. Nikaamka nikiwa mtu mzima wa kike aliyekumbatia gauni la kazi akinusa mbwa, nikafikiri: kumbe ndivyo anavyojisikia pale mlangoni. Usiku mmoja tu, na mimi nilikuwa najua hakuna anayekuja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kwamba mimi nilikuwa nakituma kwa lori.

Kwa hiyo nimelifua. Sikulitupa kwenye mashine pamoja na shuka, nimelifua mwenyewe kwa mikono. Nililiroweka, nikalisugua kola na kwapa kwa sabuni ya kipande, nikalisuuza mpaka maji yakawa ya kunywa, nikaliroweka tena. Mwenzangu wa pasi alisimama pembeni, akaona ninachofua, akachukua upande mmoja tukakamua pamoja. Nimelianika juani kutwa. Nimelipiga pasi. Linanukia sabuni na jua, basi. Ukilinusa hutajua lilikuwa la nani.

Mpe yule mkunga. Na mbwa mpe. Mwambie kwamba mwenyewe ameamua, na kwamba mwenyewe hakutaka kuamua, aelewe mambo yote mawili. Mwambie gauni hili alivae yeye wiki moja akipalilia mchicha wake, ndipo amtandikie. Lingine halitakuja. Lori likipita, mimi sitamtumia kitu. Nikikosa la kutuma nitakutumia wewe barua.

Wivu bado ninao, usidhani nimegeuka malaika kwa sababu ya sabuni. Ninamwonea wivu yule mama na pete yake moja mpaka tumbo linaniuma. Ila sasa naujua ulipo, nitaulalia mwenyewe.

Kitundue kiti chake ukutani, mwizi wewe.

Chiriku


21 Septemba

Chiriku,

Hatujambo.

Nilimpa mkunga kiti. Alikitazama, akasema, "Henzirani imepatikana?" Nikasema imepatikana. Akacheka mpaka akakikalia.

Gauni alilivaa wiki nzima kama ulivyosema. Linambana mabegani. Jana nilimpeleka Mvunguni. Ni milango miwili tu kutoka kwangu lakini tulitembea muda mrefu, kila gari likipita tunasimama. Kwa mkunga kuna kitanda cha zamani kwenye kibaraza cha nyuma. Akaingia chini yake moja kwa moja. Mkunga akavua gauni, akabaki na khanga, akalisukuma chini ya kitanda bila kuchungulia, akaenda kuchambua mchicha.

Mvunguni alilinusa. Nilikuwa nimesimama, nikaona. Alilinusa lote, kuanzia kola mpaka pindo. Nikajua sasa ataenda mlangoni. Nikajiandaa.

Alilizunguka, akalala juu yake, akageukia kwa mkunga.

Nilitoka. Nje nilisimama kidogo karibu na geti nikisubiri alie. Wewe ulisikia mpaka kona ya barabara. Mimi sikusikia kitu. Nikarudi dukani nikanyoosha miguu, nikasuka mpaka jioni, na mguu wangu ukawa mwepesi kupita kiasi. Wivu ulinishika mpaka nikakosea kamba, nikafumua, nikaanza upya. Nilitamani ungekuwepo tukae wote chini tuone wivu pamoja. Njoo. Ukija tutapita kumsalimu. Huenda asitoke. Kaa chini, usimtazame.

Mama ameandika, anauliza yule mbwa wenu mwishowe yuko kwa nani, kwako au kwa mdogo wako. Nimemjibu yuko nyumbani kwake.

Kaka yako